Maabara ya Ngara iliyonisomea bilirubini yangu vizuri

Kama macho yako hugeuka manjano kidogo ukifunga saumu au ukiugua mafua, na kila unapokwenda unaambiwa ni ini, panda ile maabara ndogo ya ghorofani pale Ngara. Ngazi ni nyembamba na benchi la kungojea halitoshi, lakini kazi yao naisifu.

Kliniki ya mtaani kwetu ilinipima bilirubini ya jumla peke yake, yaani ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zikivunjika. Ikatoka 34, ilhali kawaida huishia karibu 20, nikaandikiwa dawa za "kusafisha ini". Mama mkwe naye akaanza kunichemshia mizizi.

Ngara, binti wa maabara aliniuliza kwanza, "Mama, umekula lini mara ya mwisho?" Ilikuwa Ramadhani. Akanieleza kwamba njaa yenyewe hupandisha bilirubini, akanirudisha nyumbani hadi baada ya Idi. Hakutaka pesa yangu siku ile! Niliporudi alitoa damu na kukifunika kichupa, kwa sababu mwanga huivunja bilirubini. Ndiyo maana watoto wachanga wenye manjano hulazwa chini ya taa ya buluu.

Walitenganisha bilirubini iliyokwisha kushughulikiwa na ini na ile ambayo bado, wakapima vimeng'enya vya ini, na hesabu kamili ya damu kuona kama chembe nyekundu zinavunjika ovyo. Kilichozidi ni ile ambayo bado tu. Daktari wao akasema ni hali ya Gilbert, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1901: jeni ya UGT1A1 inatoa kimeng'enya pungufu cha kushughulikia bilirubini kwenye ini, bilirubini inachelewa kutoka mwilini. Ini langu ni zima.

Nikamuuliza kuhusu DNA, maana nilikuwa nimesikia kwamba bilirubini huilinda. Hakunipuuza. Mwaka 1987 mwanasayansi Roland Stocker na wenzake walionyesha maabarani kwamba bilirubini huzima kemikali kali zinazochoma mafuta ya seli; kemikali za aina hiyo hiyo hukatakata DNA pia. Watafiti, wakiwemo wa Vienna, Austria, wamelinganisha DNA ya watu kama mimi na ya wengine, na majibu hayajakubaliana: kwingine madhara yameonekana machache, kwingine hakuna tofauti. Alinieleza pande zote mbili, na kwangu hilo ndilo la thamani kuliko vipimo vyenyewe. Akaongeza kuwa faida, kama ipo, ni pale bilirubini inapozidi kidogo tu kama yangu. Kwa mtoto mchanga bilirubini ikipanda mno huharibu ubongo.

Dosari ni karatasi ya majibu: tarakimu tupu, bila maelezo. Mwombe daktari aandike "Gilbert" kwa kalamu na kugonga muhuri. Dawa ya saratani iitwayo irinotecan huondolewa mwilini kwa kimeng'enya hicho hicho, na atazanavir ya virusi vya ukimwi huweza kukuzidishia manjano, kwa hiyo daktari yeyote atakayekutibu baadaye anahitaji kuiona karatasi hiyo.