Uzoefu wangu: jukwaa la maswali na majibu la Moodle katika kozi ya ualimu

Ninafundisha kozi ya ualimu wa shule za msingi kwa njia ya mtandao hapa Nairobi, na kwa mihula mitatu sasa mijadala ya darasa nimeiendeshea kwenye Moodle, mfumo huria wa kufundishia mtandaoni usiolipiwa leseni, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Hapo awali nilitegemea vikao vya video. Nilikuwa nikiuliza swali, kimya kinatanda, hatimaye anajibu yule yule aliyezoea kujibu. Wengine wamo ndani ya matatu, wengine wamepotelewa na stima, na wengi wanahofia bando litaisha kabla ya kipindi.

Kilichonifaa zaidi ni jukwaa la maswali na majibu, ambalo humficha mwanafunzi majibu ya wenzake mpaka atume la kwake. Katika jukwaa la kawaida mmoja huandika aya nzuri, na wanaomfuata husema tu kwamba wanaunga mkono. Hapa kila mtu hufikiri kivyake kwanza. Ifahamike, hata hivyo, kwamba majibu hayafunguki papo hapo: sharti muda wa kuhariri upite, nao kwa kawaida ni dakika 30. Wanafunzi wangu walidhani mfumo umeharibika, kwa hiyo siku hizi huwaeleza jambo hilo mapema.

Swali lenyewe, lakini, ni kazi ya mwalimu. Nilipowataka waeleze umuhimu wa lugha ya mama darasani, nilipata majibu yaliyofanana kana kwamba yamenakiliwa ubaoni. Muhula uliofuata niliuliza hivi: mtoto wa gredi ya 1 huko Kayole ameandika "keja", neno la Sheng, yaani lugha ya mitaani, badala ya "nyumba", utamwambia nini, na kwa nini? Mmoja alisema angelikata neno hilo kwa wino mwekundu, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwingine, aliyelelewa Mathare, alimjibu saa saba usiku kwamba yeye mwenyewe alichukia insha kwa miaka miwili baada ya daftari lake kukatwa namna hiyo. Asubuhi yule wa kwanza alirudi kumuuliza, "Ungependa mwalimu wako angefanya nini?"

Sikuingilia. Nikijibu mapema, wote huanza kutafuta jibu la mwalimu na mjadala hufa. Kwa hiyo huingia siku ya tatu, nikamtaka mmoja au wawili wafafanue hoja zao. Alama pia nimezigawa: nusu ni za jibu la kwanza, nusu ni za kumjibu mwenzake kwa hoja.

Kwa darasa kubwa, ningemshauri mwalimu atumie vikundi vilivyotenganishwa ndani ya mfumo huo huo. Mimi huwaweka wanane wanane, na jibu lisizidi maneno 150, maana wengi wao husomea kwenye simu ndogo.