Chujio la maji la chungu: zuri, ila uliza kwanza maji yako yanatoka wapi

Kama unakunywa maji ya mto, ya mfereji au ya kisima kifupi, nunua. Kama ni ya kisima kirefu huku kwetu kuzunguka Mlima Meru, soma hadi chini kabla hujatoa hela.

Chujio lenyewe ni chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki. Udongo huo huchanganywa na pumba za mpunga au vumbi la mbao, vikaungua vyote tanurini na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole. Tope na bakteria hukwama. Chungu hupakwa pia madini ya fedha ya kudhibiti vijidudu. Aliyebuni ni Fernando Mazariegos wa Guatemala, mwaka 1981. Halitaki umeme wala mkaa, na kwa bei ya gunia siku hizi, hilo peke yake lilinitosha.

Maji yana ladha nzuri, ya mtungini. Kasi ndiyo mtihani: lita moja hadi tatu kwa saa, kwa hiyo jaza usiku. Likianza kusuasua, sugua ndani kwa brashi laini na maji safi. Sabuni usiguse, udongo unainywa. Likipata ufa, hata mwembamba, halifai tena. Na virusi vingi ni vidogo mno, hupita.

Sasa floraidi. Muuzaji hakunigusia kabisa, na ndilo jambo kubwa Arusha. Madini haya hutokana na miamba ya volkano na yameyeyuka ndani ya maji kama chumvi kwenye mchuzi, kwa hiyo chungu hakiyazuii hata kidogo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; visima vingi huku vinapita hapo, na meno ya kahawia ya watoto wetu yanatosha kuwa ushahidi. (Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza, lakini jaribu kumwambia bibi.)

Kuitoa floraidi kunataka kitu cha kuinasa, kama mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto, karibu na Arusha. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alibuni chujio la mchanga na nanoteknolojia (teknolojia ya chembe ndogo mno) linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo, na mwaka 2015 likampa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi.

Mimi chungu changu nakitumia kwa maji ya mvua. Hayo hayana shida ya floraidi, tatizo lake ni kinyesi cha ndege kwenye bati, na hapo kinafanya kazi barabara. Kiangazi tangi likikauka nanunua maji ya kunywa.

Nyota nne. Koki iliyokuja nalo ilivuja mapema, nikaweka nyingine ya duka la vifaa vya bomba.