Kifaa gani ununue ili kuhamishia kanda na santuri zako kwenye kompyuta

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Bondeni na Majengo hapa Mombasa bado kuna katoni chini ya kitanda au juu ya kabati, yenye kanda za taarab, za maulidi, za mawaidha na za harusi ya mtu wa nyumba ile. Nyimbo zilizotolewa dukani, kama zile za duka la Mbwana Radio Service, huenda ukazipata kwa mtu mwingine. Lakini kanda iliyonaswa usiku wa harusi, Juma Bhalo au Zuhura Swaleh akiimba huku wanawake wakipiga vigelegele, aghalabu ni hiyo hiyo moja. Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kuuliza ni kifaa kipi kitakachoisoma kanda ile vizuri bila kuidhuru, kisha ndipo aulize bei.

Mimi nilianza na bei. Kanda ya harusi ya mama yangu mdogo, ya mwaka 1987, nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha niliona ukungu mweupe kama unga umeota ukingoni mwa utepe, jambo la kawaida kwa unyevu wa pwani. Sikuusafisha. Nikaitia katika kisomeo kidogo cha plastiki chenye waya wa USB, na kabla upande wa kwanza haujafika nusu utepe ulikuwa umejisokota kwenye mpira wa ndani. Nilitumia bisbisi ndogo kufungua skrubu tano za gamba lake, nikaunyoosha utepe kwa vidole na kuuhamishia katika gamba jipya, lakini mikunjo ile inasikika hadi leo katikati ya ubeti.

Ninachokipa nafasi ya kwanza, basi, ni deki kubwa ya kaseti ya zamani iliyo nzima, pamoja na kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Deki ya namna hiyo ina gurudumu zito linaloushika mwendo wa utepe usiyumbe, nao ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na nyuma yake ina matundu ya kutolea sauti, jekundu na jeupe, ambayo visomeo vidogo havina. Unapokwenda kuinunua kwa fundi au kwa muuza mitumba, chukua kanda isiyo na thamani kubwa yenye noti ndefu ya kinanda au ya fidla, uisikilize pale pale. Noti ikitetemeka kama mtu aliyeshikwa na baridi, belti imelegea au mpira unaosukuma utepe umekauka. Belti ni kitu cha kubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini hedi (kichuma kinachousoma utepe) iliyolika iache huko huko dukani. Angalia pia maandishi ya umeme nyuma ya mashine, kwa sababu deki iliyokuja moja kwa moja kutoka Japani hutumia volti 100 na ya Marekani volti 120, nazo zitaungua kwenye umeme wetu wa volti 240 zisipopitia transfoma.

Ukishaifikisha nyumbani, safisha hedi na mpira kwa pamba iliyotiwa spiriti, kisha utafute skrubu ndogo iliyo kando ya hedi. Skrubu hiyo huirekebisha hedi ilingane na mashine iliyonasa kanda yako, na ukiizungusha polepole huku ukisikiliza matari na herufi za sin, utafika mahali ambapo sauti iliyokuwa kama imefunikwa blanketi inafunguka ghafla. Kwangu mimi hatua hii imeleta faida kubwa kuliko fedha yoyote niliyoongeza kwenye kadi ya sauti. Kadi ya Behringer UCA202, ambayo ni ndogo na ya bei nafuu, inatosha kabisa; na mwenye santuri pia achukue ndugu yake, UFO202, yenye kikuza sauti cha santuri ndani yake. Tundu la maikrofoni la kompyuta ya mkononi usilitegemee, maana kwa kawaida hunasa upande mmoja tu na huongeza mvumo.

Kwa mwenye santuri nyingi, nafasi ya kwanza ni mashine ya santuri ya Audio-Technica AT-LP120XUSB, ambayo huzunguka kwa mizunguko 33⅓, 45 na 78 kwa dakika, hukuruhusu kurekebisha uzito wa sindano, na hutoa sauti kwa USB bila kifaa kingine. AT-LP60XUSB ni nafuu zaidi na inawafaa wenye sahani (yaani santuri) za 33⅓ na 45 pekee, kwa mfano zile za lebo ya Mzuri ya Assanand wa hapa hapa Mombasa. Sahani nzito za 78, za enzi ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, zina mifereji mipana inayohitaji sindano yake nene, ambayo hununuliwa mbali. Gramafoni za sanduku sikushauri, kwani nyingi huikandamiza sahani kwa sindano nzito.

Mwenye kanda tatu au nne asinunue chochote. Ampelekee fundi au studio. Amtake ampe faili za WAV, zinazohifadhi sauti yote, badala ya MP3 pekee, zinazoibana na kuipunguza, arudishiwe kanda zake zote, na ikiwezekana akae pale asikilize dakika za mwanzo. Visomeo vidogo vya plastiki vinabaki nafasi ya mwisho.

Programu ya kunasia ni Audacity, nayo ni ya bure. Saa moja ya WAV ya kilohezi 44.1 na biti 16 huchukua takriban megabaiti 600, na FLAC, aina nyingine ya faili, huipunguza karibu nusu bila kupoteza sauti. Kanda ya dakika 90 itakuchukua dakika 90 kamili, nawe weka kiwango ili vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya sifuri, kwa sababu kigelegele kilichopasuka hakirekebishiki. Na kabla hujaitia kanda yoyote katika mashine yenye kitufe chekundu cha kurekodi, vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, isije ikafutwa kwa bahati mbaya.