Betri kubwa na nyaya nene kwenye Carina Ti: kilichosaidia ni ethi

Carina Ti yangu ilikuwa na tatizo ambalo wenye magari ya miaka ya tisini hapa Dar wanalijua: asubuhi stata inavuta kivivu, na usiku kwenye foleni, ukiwasha AC na taa kubwa, mwanga unafifia kila feni inapoanza kuzunguka. Fundi wa kwanza akasema betri. Wa pili akasema alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri. Mimi nikachukua mita.

Niliacha injini ikinguruma juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa chini usipokanyaga mafuta), AC na taa zikiwa zimewashwa. Kwenye vichwa vya betri nikasoma volti 13.5, wakati chaji nzuri ni kati ya 13.8 na 14.4. Kisha nikagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye bloku ya injini: volti 0.5. Hiyo ndiyo ethi, yaani njia ya umeme ya hasi kati ya betri, bodi na injini, na hapo palitakiwa pawe karibu na sifuri. Alternata za Toyota za enzi hizo zina waya mwembamba, ule wa S, unaoiambia regyuleta (kidhibiti cha volti cha alternata) volti zilizopo upande wa chanya wa betri. Waya wa chanya ukichoka, regyuleta inafidia. Ethi ikichoka, haijui. Kwa hesabu yake imeshatoa 14.0, imeridhika, huku betri inalala njaa.

Nilifunga vitu viwili: betri na nyaya. Nianze na nyaya maana ndizo zenye la kusimulia.

Nilinunua waya wa mashine ya kuchomelea, milimita mraba 25, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unajikunja vizuri na hausumbuliwi na mtikisiko wa injini. Kariakoo usikubali unene wa mpira tu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitokea mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba. Muuzaji wa kwanza alinuna nilipotoa kisu. Wa pili alinikwangulia mwenyewe.

Vichwa vya waya vilibanwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani kwa mashine ya haidroliki, si nyundo, kisha vikavalishwa mpira unaosinyaa kwa moto. Waya mmoja unatoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, mwingine kutoka bodi kwenda kwenye injini, na wa tatu kutoka alternata kwenda chanya. Nyaya za kiwandani zilibaki mahali pake. Hizi zimepita sambamba nazo. Huo wa alternata una umeme muda wote hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo uwekewe fyuzi karibu na betri. Yangu ni ya ampea 100. Fundi alitaka kuiruka, nikakataa. Waya mnene ukigusa bodi bila fyuzi ni moto.

Baada ya kazi, kwenye ethi mita inaonyesha 0.05, na betri inapata 13.9 kwa mzigo uleule. Taa zimetulia. Stata inakamata mara moja. Nyaya zote, vichwa na ufundi havikufika nusu ya bei ya betri.

Sasa betri. Nilitoka saizi ya NS60 yenye ampea-saa 45 nikaenda 55D23 yenye 60. Ni pana zaidi, kitako kilibidi kirekebishwe, na vichwa vyake ni vinene kuliko vya NS60 yangu, hivyo vibano vya zamani havikuingia. Faida ninayoiona ni redio kuimba muda mrefu gari likiwa limezimwa. Ukubwa wa betri hauongezi chaji, ambayo inatoka kwa alternata. Mwenye bajeti ndogo aanze na ethi mbili, aachane na betri kubwa, hata waya wa alternata unaweza kusubiri.

Angalizo moja la hapa pwani: pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi lazima rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, na chuma kilichoachwa wazi kinashika kutu haraka. Mvua za masika zilipopita nilikuta wekundu umeanza kuzunguka bolti yangu. Nilifungua, nikapiga msasa, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu.