IPOA kwa aliyepigwa risasi ya polisi akiwa kando tu: nenda, ila usiisubiri

Nchini Kenya, mtu akijeruhiwa na risasi ya polisi akiwa dukani, kwenye roshani au anavuka barabara, wengi watamwambia aende IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ushauri huo ni mzuri, lakini ni nusu tu ya safari.

Kuingia ni rahisi. Hakuna ada, wakili hahitajiki, na malalamishi hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi. Simu ya bure ni 1559. Ofisi kuu iko ACK Garden Annex, First Ngong Avenue, Nairobi. Nyingine ziko Mombasa, Kisumu, Garissa, Nakuru, Eldoret na kwingineko. Sheria inawataka polisi wenyewe kuijulisha IPOA askari anapoua au kujeruhi mtu vibaya. Msitegemee hilo. Pigeni siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Kila bunduki inayotoka ghala la silaha kituoni huandikwa katika rejista: namba yake, jina la askari, risasi alizochukua na alizorudisha. Rejista hiyo ndiyo inayomfunga askari na tukio, na ni karatasi iliyo mikononi mwa kituo kinacholalamikiwa. Mchunguzi akichelewa, maganda ya risasi yameshaokotwa au kufagiliwa na bunduki imeshapewa mtu mwingine. Katika taarifa yenu andikeni saa, sare waliyovaa, namba ya gari, upande risasi ilikotoka na matundu yaliyo ukutani. Matundu hayo msiyazibe kabla hayajapigwa picha na kupimwa.

Hospitalini, risasi ikitolewa mwilini, daktari aifunge, aandike jina la mgonjwa, tarehe na saa, na anayeipokea atie sahihi. Kesi nyingi huvunjikia hapa: risasi imepita mikono mitatu na haijulikani ni ipi. Chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) na fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), na mbaki na nakala. Kama kuna kifo, familia iwe na daktari wake wakati wa upasuaji wa maiti. IMLU, shirika huru la madaktari na wanasheria, limekuwa likisaidia kwa hilo.

Je, huduma inazaa matunda? Ndiyo, kwa upande wa jinai. Baada ya mtoto wa miaka 13 kuuawa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, mnamo Machi 2020, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu, askari alishtakiwa kwa mauaji. Ilikuwa hivyo pia kwa muuza barakoa aliyepigwa risasi kichwani jijini Nairobi mnamo Juni 2025. Lakini IPOA haiendeshi mashtaka: faili huenda kwa ODPP, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na mauaji yanahitaji kuthibitisha nia. Aliyefyatua hewani au kwenye kundi la watu atasema hakumlenga marehemu, na hapo ndipo upande wa mashtaka hutoa jasho.

Kasoro kubwa ni fidia. IPOA inaweza kuipendekeza, haiwezi kuilipa, na uchunguzi wake hausimamishi saa ya sheria. Kesi ya kudai fidia ya madhara dhidi ya serikali lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12, na inatuuma kuona familia zikingoja barua ya uchunguzi hadi mlango huu unafungwa. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu, hivyo si lazima umjue askari aliyefyatua. Inatosha kuonyesha, kwa uzito wa ushahidi, kwamba risasi ilitoka kwa polisi waliokuwa kazini na kwamba walifyatua kinyume cha sheria au kwa uzembe. Mwaka ukishapita, limebaki ombi la kikatiba chini ya vifungu vya 26 na 29 vya Katiba, vinavyolinda uhai na usalama wa mtu. Halina kikomo kilichoandikwa, ila jaji atataka kujua mlichelewa kwa nini.

Mkishinda, msitume dalali: mali ya serikali hainadiwi. Wakili aombe cheti cha amri ya malipo, akipeleke serikalini, na wakikaa kimya arudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha Katibu wa Wizara alipe. Gharama ya hatua hiyo ya mwisho mkubaliane naye kabla hajafungua kesi.