Kolajeni ya kununua ukishavuka miaka 50: anza kusoma lebo kutoka chini

Mwaka jana nilinunua chupa ya vidonge vya kolajeni, ile protini ya ngozi na viungo, kwa ajili ya kucha. Zilikuwa zimeanza kubanduka tabaka kwa tabaka, na ile ya kidole gumba cha kulia ilikuwa na ufa katikati unaonasa kila nguo niliyoigusa. Magoti nayo yalikuwa yakinikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Chupa ilijisifu mbele kwamba inatunza ngozi, nywele, kucha na viungo, vyote kwa pamoja. Nikameza asubuhi na jioni kwa miezi miwili bila kukosa hata siku moja.

Kisha nikaenda kupima damu, vile vipimo vya kawaida ambavyo mtu wa umri wangu huagizwa kila baada ya muda. Majibu yakasema tezi yangu ya thairoidi, hii ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Daktari akanipima mapigo ya moyo, akaniambia ninyooshe mikono aone kama inatetemeka, akauliza kama nimepungua uzito. Hakupata kitu.

"Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna, daktari."

Nilijibu kwa moyo mweupe kabisa, maana kolajeni sikuihesabu kuwa dawa. Akauliza tena: "Na virutubisho je?" Nikaitoa chupa kwenye mkoba. Hakuangalia mbele. Aliigeuza, akashusha kidole hadi mstari wa mwisho kabisa, wenye maandishi ya kukodolea macho, akausoma kwa sauti: biotini, mikrogramu 10,000. Akanizuia kuvitumia vidonge hivyo kwa wiki nzima, kisha nirudi kupima. Niliporudi tezi ilikuwa nzima, haina neno lolote.

Ile wiki ya kungoja sikulala vizuri. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na ladha wala kama unga unayeyuka vizuri. Unaanza na biotini, kwa sababu miongozo mingi niliyosoma kabla ya kununua haikuitaja, au iliitaja kama sifa njema.

Biotini inafanya nini humo ndani

Biotini ni vitamini ya kundi B. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, na wengi wetu tunaipata kwenye chakula bila hata kufikiria. Chupa yangu ilikuwa inanipa zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Haikunidhuru mwilini. Ilichoharibu ni vipimo. Maabara nyingi hutumia biotini kama gundi ya kunasia kile kinachotafutwa kwenye damu. Ukifika na damu iliyojaa biotini ya vidonge, inakwenda kushika nafasi ya ile gundi, na mashine inasoma uongo. Kwa tezi, TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, inaonekana iko chini mno na T4, homoni ya tezi yenyewe, inaonekana iko juu, yaani picha kamili ya ugonjwa ambao huna. Si kila maabara hutumia njia hiyo, lakini wewe unayenyoosha mkono uchomwe sindano huwezi kujua yako inatumia ipi.

Tezi ina nafuu, kwani kuna muda wa kurudia kipimo. Kwa moyo mambo ni mengine. Mtu akifika hospitali na maumivu ya kifua hupimwa troponini, protini inayomwagika kwenye damu pale misuli ya moyo inapoumia. Biotini nyingi inaweza kuifanya troponini isomeke chini kuliko ilivyo, mgonjwa akaambiwa moyo uko salama kumbe hauko. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili, na miongoni mwa taarifa ilizokuwa imepokea kulikuwa na kifo cha mgonjwa mmoja ambaye troponini yake ilisomeka chini kimakosa. Tahadhari hiyo ikarudiwa kwa maelezo mapya mwaka 2019. Sasa jiulize ni nani wanaonunua kolajeni ya viungo na kucha: ni sisi tuliovuka miaka 50, 60, 70, ambao ndio hasa tunaopimwa tezi na moyo.

Kwa hiyo ukishika kopo lolote, ligeuze, anza kusoma orodha ya vilivyomo kutoka chini kwenda juu. Ukikuta biotini kwa maelfu ya mikrogramu, lirudishe. Kama tayari unatumia chenye biotini na una miadi ya kupima damu, mwambie daktari na anayekutoa damu kabla ya sindano. Chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani kinashauri kuiacha angalau siku 2 kabla ya kupima tezi. Daktari wangu alitaka wiki, nami nikamtii.

Nafasi ya kwanza: unga wa Verisol usiochanganywa na kitu

Sitaficha upande wangu. Kwa kucha na ngozi mimi ni mtu wa Verisol. Hili si jina la kopo, ni jina la malighafi inayotengenezwa na kampuni ya Gelita ya Ujerumani, na makampuni mengi huinunua na kuipakia kwa majina yao. Naipenda kwa sababu moja: kipimo chake kinajulikana, gramu 2.5 kwa siku, na kipimo hichohicho ndicho kilichojaribiwa. Katika jaribio la kucha lililochapishwa mwaka 2017, watu 25 waliitumia kila siku kwa wiki 24. Kasi ya kucha kukua ikapanda kwa asilimia 12 na kuvunjika kukapungua kwa asilimia 42. Kwa ngozi, mwaka 2014 wanawake 114 wenye umri wa miaka 45 hadi 65 walitumia ama Verisol ama unga wa bandia usio na kolajeni kwa wiki 8, na mikunjo ya pembeni mwa macho ikapungua zaidi kwa waliotumia Verisol.

Ni haki yenu kujua upande wa pili. Lile jaribio la kucha halikuwa na kundi la kulinganisha, na majaribio yote mawili yalihusisha watu wa mtengenezaji. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa kuidhinisha dai la Verisol kuhusu ngozi. Na mwaka 2025 uchambuzi wa majaribio 23 ya kolajeni ya aina mbalimbali, yenye watu 1,474, ulionyesha kwamba yale yasiyolipiwa na makampuni hayakuona faida kwenye ngozi. Kwa hiyo kwa mikunjo ya uso sikupi ahadi, na wanawake tuliokwisha kukoma hedhi tunajua kinachoendelea: ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake katika miaka 5 ya mwanzo. Kijiko cha unga hakirudishi hayo yote. Kwa kucha nina matumaini, na matumaini hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue tena baada ya yaliyonikuta.

Neno la kuangalia: wapakiaji wengine huandika Verisol kwa herufi kubwa mbele, kisha nyuma wanatia biotini. Hapo jina zuri halikusaidii. Tafuta kopo ambalo orodha yake ina mstari mmoja tu.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kama shida yako ni magoti

Kwa magoti kuna kitu tofauti kabisa kinachoitwa UC-II. Ni kolajeni ya aina ya pili, ile ya kwenye gegedu, yaani tabaka laini linalokinga ncha za mifupa kwenye viungo, inayotolewa kwenye gegedu la kidari cha kuku bila kuvunjwavunjwa. Haijengi gegedu kama tofali. Inavyoelezwa, inaufundisha mfumo wa kinga, kupitia utumbo, uache kulishambulia gegedu lako mwenyewe. Ndiyo sababu kipimo chake ni kidogo sana, miligramu 40 tu, kidonge kimoja kwa siku. Jaribio la mwaka 2016 liliwachukua watu 191 wenye magoti yaliyochakaa na kuwafuatilia kwa siku 180. Waliotumia UC-II walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge cha bandia, na hata kuliko waliopewa glukosamini pamoja na kondroitini, virutubisho vingine vinavyouzwa kwa ajili ya viungo. Nalo lilikuwa na mkono wa mtengenezaji, msisahau.

Usikifungue kidonge hiki na kukimwaga kwenye kinywaji cha moto, joto linaivunja. Na usichanganyikiwe dukani: "aina ya pili" iliyosagwa na kuvunjwa, ya gramu kadhaa, si UC-II hata kama ina picha ya goti.

Nafasi ya tatu: unga wa kawaida wa ng'ombe

Huu ni mzuri kama hauna nyongeza. Kwa viungo, kipimo kinachotajwa sana ni gramu 10 kwa siku. Chanzo kimojawapo ni jaribio la mwaka 2008 la chuo kikuu cha Penn State cha Marekani, lakini waliojaribiwa walikuwa wanamichezo wa chuo, vijana wenye magoti ya vijana. Nikiona wauzaji wanalitumia jaribio hilo kutuuzia sisi nakereka.

Kolajeni ya samaki ningeiweka hapa hapa. Ya ngozi ya ng'ombe na ya ngozi ya samaki zote kwa sehemu kubwa ni aina ya kwanza. Kama huli ya ng'ombe kwa sababu zako, chukua ya samaki. Kama una mzio wa samaki, iache kabisa. Ila kulipia bei ya juu kwa sababu ya neno "bahari" na picha ya mawimbi, mimi sikubali.

Jelatini ya kupikia ni ya bei rahisi na ni kolajeni ileile, ila inaganda kikombeni na ni kazi kuinywa kila siku. Inatosha.

Vya mwisho: vidonge vya kolajeni na peremende za kutafuna

Hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe. Chukua kidonge cha miligramu 500. Ukitaka gramu 10 unahitaji vidonge 20 kwa siku, na chupa ya vidonge 120 inakwisha siku ya sita. Muuzaji anajua hivyo, kwa hiyo anaandika "kipimo kimoja: vidonge 2", unapata gramu moja, na chupa inadumu miezi miwili ukidhani umejitibu. Kwenye makopo ya unga wanafanya kinyume chake: gramu 10 wanaiandika "miligramu 10,000" ili ionekane mlima. Halafu kopo lenyewe, ukilifungua, nusu ni hewa. Peremende za kutafuna zina sukari, kolajeni ya kubahatisha, na kwa kawaida humo ndimo biotini inapojaa. Za "mimea" zisikusumbue hata dakika moja, mmea hauna kolajeni.

Na mbona wanaotangaza kolajeni ya magoti ya wazee ni wasichana wa miaka 25? Bei nayo inapanda kila likiongezwa neno moja kwenye lebo: vitamini C, asidi ya hialuroniki, manjano, glukosamini. Vitamini C ni kweli mwili unaihitaji kutengeneza kolajeni yake, lakini tunda linaifanya kazi hiyo bila kulipia kopo la kifahari. Manjano na glukosamini ndivyo vinavyonitisha zaidi, maana anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu kwa urahisi zaidi akivichanganya, na onyo hilo mara nyingi halipo mbele, liko kwenye mshono wa kopo. Huko Marekani virutubisho huuzwa bila kuidhinishwa kwanza kama dawa zinavyoidhinishwa, tangu sheria ya mwaka 1994. Kopo lenye alama ya NSF au USP angalau limepimwa na mtu asiyekuwa muuzaji.

Wenye ugonjwa wa figo, au waliowahi kupata mawe ya figo, wazungumze na daktari kabla ya kununua chochote kati ya hivi, hata ile ninayoipenda. Kolajeni ni protini, na sehemu yake moja mwili huigeuza kuwa oksaleti, ambayo ndiyo inayojenga mawe mengi.

Mkinunua, msihukumu baada ya mwezi. Kucha ya mkono huchukua miezi kama sita kutoka kwenye ngozi hadi ncha, hivyo iliyopasuka leo haitashonwa na kijiko chochote. Mnangoja ile inayoota. Mimi nilipiga picha ya kidole gumba siku ya kwanza, pembeni mwa rula. Niko wiki ya 14 ya unga wa Verisol, gramu 2.5 kila asubuhi kwenye maji baridi, bila biotini. Sehemu iliyoota imeshavuka nusu ya kucha na haina ufa. Magoti bado yananiuma kwenye ngazi, na UC-II nimeianza wiki iliyopita.