MethoCult H4434: tathmini ya rojo la kuoteshea seli za damu, pamoja na kazi ya Connie Eaves iliyo nyuma yake

Maabara ya damu ninayofanyia kazi hutumia MethoCult H4434, rojo la kuoteshea seli za damu za binadamu linalotengenezwa na kampuni ya STEMCELL Technologies ya Vancouver, Kanada, na kwa kuwa wenzetu wa maabara nyingine huuliza mara kwa mara kama bidhaa hii inastahili gharama na usumbufu wa kuiagiza, nimeona ni vyema niijadili kwa kirefu. Kwa maoni yangu inastahili, ilimradi mnunuzi afahamu inapima nini na haipimi nini. Jambo hilo halielezeki vizuri bila kumtaja Profesa Connie Eaves, mtafiti wa Kanada aliyefariki Machi 2024, ambaye kwa takriban nusu karne alikuwa akihesabu makoloni ya seli (vikundi ambavyo kila kimoja kimezaliwa na seli moja), kwanza ya damu na baadaye ya titi, na ambaye kazi yake imo ndani ya chupa hii kuliko lebo inavyoonyesha.

Msingi wa bidhaa ni methiliselulosi, unga utokanao na nyuzi za mimea ambao ukiyeyushwa katika maji hutoa rojo angavu, zito kama asali. Humo huongezwa virutubisho, seramu ya ndama, albumini, na vichocheo vinne ambavyo mwili wenyewe huvitumia kuuamuru uboho utengeneze damu: SCF, GM-CSF, IL-3 na erithropoietini, ile homoni ya figo ambayo wauguzi wa vitengo vya kusafisha damu wanaifahamu kwa kuwa huwachoma wagonjwa wao walioishiwa damu. Uzito wa rojo ndio kiini cha kipimo chenyewe. Seli ya uboho ikioteshwa katika kimiminika chepesi, watoto wake hutawanyika na kuchanganyika na watoto wa seli nyingine, na mtafiti hubaki na umati wa seli asizojua asili yake. Katika rojo zito, seli inayogawanyika hubaki na uzao wake mahali pamoja, kwa hiyo baada ya wiki mbili kila koloni linaloonekana chini ya hadubini limetokana na seli moja, na anayehesabu makoloni anahesabu kwa hakika seli zilizoyaanzisha.

Matumizi yake hayana ugumu, lakini yanadai nidhamu. Mrija wenye mililita 3 za rojo huyeyushwa katika jokofu usiku kucha, seli zilizosafishwa huongezwa kwa ujazo wa mililita 0.3, mrija hutikiswa kwa nguvu, kisha huachwa wima kwa dakika chache hadi viputo vipande juu. Pipeti ya kawaida haifai kwa hatua inayofuata, kwa sababu rojo hung'ang'ania kuta zake na kipimo kinachofika kwenye sahani huwa pungufu. Kinachotakiwa ni bomba la sindano la mililita 3 lenye sindano butu ya geji 16, na kila sahani ya milimita 35 ipewe mililita 1.1. Sahani mbili za sampuli huwekwa ndani ya sahani kubwa zaidi pamoja na ya tatu iliyojazwa maji safi na kuachwa wazi, ili unyevu usipungue katika siku 14 au zaidi ambazo seli zitakaa ndani ya inkubeta ya nyuzi 37. Sahani ikikauka ukingoni makoloni hudumaa, na hakuna hesabu itakayoweza kurekebisha hasara hiyo.

Muda ukitimia, kinachoonekana kinapendeza macho hata kwa mtu aliyezoea hadubini. Koloni linaloitwa BFU-E, uzao wa seli tangulizi changa ya chembe nyekundu, hujitambulisha kwa rangi yake, kwani hemoglobini imekwisha kujengeka na vishada vyake vimeiva wekundu wa kutu. Koloni la CFU-GM, linalotoa chembe nyeupe, halina rangi. Seli zake ni za mviringo na zenye kung'aa, zimesongamana katikati na kutawanyika pembezoni. CFU-GEMM, ambamo nyekundu na nyeupe hupatikana pamoja, ni adimu, na ndiyo inayozua ubishi baina ya wahesabuji wawili walioketi kwenye hadubini moja. Ubishi huo ni udhaifu wa kipimo chenyewe, popote rojo linaponunuliwa, na dawa yake ni kuwafunza wahesabuji kwa picha zilezile na kuhesabu kila sampuli katika sahani zaidi ya moja.

Namna hii ya kufikiri, ya kuitambua seli kwa kile inachoweza kuzaa, ilipata nguvu Toronto mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch walipowadunga uboho panya waliopigwa mionzi, kisha wakahesabu vinundu vilivyoota juu ya wengu zao. Eaves alijiunga nao baada ya kumaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1969. Alipohamia Vancouver mwaka 1973 alianza kufanya kwa damu ya binadamu kile ambacho walimu wake walikuwa wamekifanya kwa panya. Mwaka 1977, akiandika kwa jina la C. J. Gregory pamoja na mume wake Allen Eaves, ambaye alikuwa daktari wa damu, walionyesha kwamba seli tangulizi za chembe nyekundu katika uboho wa binadamu zina madaraja matatu, yanayotambulika kwa ukubwa wa makoloni yake na kwa muda yanaochukua kuiva. Mwaka uliofuata walipima jinsi kila daraja linavyoitikia erithropoietini, kwa watu wenye afya na kwa wagonjwa wa polisaithemia vera, ugonjwa wa kuzidi kwa chembe nyekundu ambao baadhi ya seli zake huota hata pasipo kuongezewa homoni hiyo. Kwa miaka mingi kuota huko kulikuwa miongoni mwa vielelezo vya kuutambua ugonjwa huo, kisha umuhimu wake ukapungua baada ya mwaka 2005 kugunduliwa hitilafu ya jeni JAK2 inayousababisha. Mtaalamu anayeandika BFU-E kwenye fomu ya majibu leo anatumia madaraja yaliyopangwa katika kazi hizo.

Kuhusu rojo lenyewe, mwaka 1981 Connie na Allen Eaves walishiriki kuianzisha Maabara ya Terry Fox, iliyopewa jina la kijana aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa na ambaye mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti. Maabara hiyo ilikuwa ikitengeneza vyakula vya seli kwa matumizi yake na kuviuzia maabara nyingine, na mwaka 1993 huduma hiyo ikawa kampuni chini ya uongozi wa Allen. Naona historia hii ni sababu halali ya kuiamini bidhaa, kwa maana waliounda kipimo ndio waliojua ni kundi lipi la seramu linalootesha vizuri na lipi halifai. Asiyewahi kuchanganya methiliselulosi kwa mkono wake hawezi kufahamu ni kazi kiasi gani kupata makundi mawili ya seramu yanayofanana.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza: makoloni haya si hesabu ya seli shina za damu, zile seli mama ambazo kwazo seli nyingine zote za damu hutokana. Seli inayotoa koloni ndani ya siku 14 ni mjukuu wa seli shina, imekwisha kuanza safari ya kukomaa, na uwezo wake wa kujizalisha upya ni mdogo. Eaves alilijua jambo hilo kuliko wengi, ndiyo maana karibu na mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha LTC-IC, ambapo seli hukaa wiki 5 juu ya tandiko la seli za uboho zinazozilea, na zile tu zinazoendelea kutoa seli tangulizi baada ya muda huo ndizo zinazohesabiwa. Hesabu ya mwisho hufanywa katika methiliselulosi, kwa hiyo rojo hili lina nafasi yake hata katika kipimo hicho, ila kama hatua ya pili. Taarifa inayosema kwamba sampuli ina seli shina kadhaa kwa kuwa makoloni kadhaa yameota inampotosha msomaji, na kama inahusu mgonjwa wa kupandikizwa uboho, upotofu huo unaweza kumdhuru.

Subira hiyo ya wiki kadhaa ilizaa jambo kubwa. Mwaka 1983 kundi la Vancouver lilionyesha kwamba uboho wa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu, ukioteshwa kwa muda mrefu, seli zenye kromosomu ya Philadelphia, ambayo ni alama ya ugonjwa huo, hupungua, huku seli zenye kromosomu za kawaida zikijitokeza. Kumbe seli nzima zilikuwamo muda wote, zimefunikwa na wingi wa zile zenye ugonjwa. Miaka michache baadaye wagonjwa kadhaa walirudishiwa uboho wao wenyewe uliopitishwa katika uoteshaji huo. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2001, iliifanya tiba hiyo isihitajike tena, lakini hilo halipunguzi uzito wa ugunduzi wenyewe.

Ninaulizwa pia kama rojo hili linafaa kwa utafiti wa saratani ya matiti, hasa na wanafunzi waliosoma kwamba Eaves alifanya kazi katika nyanja zote mbili. Halifai. Vichocheo vyake ni vya damu, na seli za titi zinahitaji mazingira mengine. Kampuni hiyohiyo huuza EpiCult kwa ajili hiyo. Kilichovuka kutoka damu kwenda titi ni swali: seli moja, ikiachwa peke yake, inaweza kujenga nini? Mwaka 2006 John Stingl, Eaves na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba seli moja ya titi la panya, ikipandikizwa kwenye mafuta ya titi yaliyoondolewa tezi zake, inaweza kuotesha tezi kamili yenye matawi. Mwaka huohuo watafiti wa Melbourne walitoa matokeo yanayokubaliana na hayo. Mwaka 2008 kundi la Eaves lilipata njia ya kuzihesabu seli za namna hiyo kwa binadamu, kwa kuzifungia ndani ya jeli ya kolajeni na kuziweka chini ya utando wa figo ya panya asiye na kinga. Mwaka 2015 walikwenda mbali zaidi: walichukua seli za matiti ya wanawake wasio na saratani, wakazipa jeni ya KRAS yenye hitilafu inayochochea saratani pamoja na alama za kijenetiki za kutofautisha kila ukoo, wakatazama uvimbe ukizaliwa ndani ya panya katika wiki chache na koo zake zikipanda na kushuka. Uvimbe uliotokana na seli za mtu mmoja ulikuwa na koo nyingi zenye tabia tofauti, jambo linalomsaidia daktari kuelewa kwa nini dawa hufyeka sehemu ya uvimbe na kuacha nyingine. Katika kazi yake yote, hii ndiyo sehemu ninayoiheshimu zaidi.

Nirudi kwenye ununuzi. Rojo husafirishwa likiwa limeganda na hutunzwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo mzigo ukikwama bandarini au uwanjani barafu kavu ikayeyuka, seramu na vichocheo vinaweza kupoteza nguvu bila rangi ya rojo kubadilika. Shehena moja ilitufikia katika hali hiyo kupitia wakala wa usafirishaji, na tulilazimika kuipima kwanza kwa damu ya kitovu yenye matokeo tunayoyajua. Kwa maabara zinazoshughulika na selimundu faida ni kubwa, kwa sababu BFU-E hupatikana hata katika damu ya mkononi, na dawa inayotarajiwa kuongeza hemoglobini ya utotoni (ile ya mtoto aliye tumboni) inaweza kujaribiwa bila kumtoboa mtoto mfupa. Hospitali zinazopandikiza uboho, kama ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, zinaweza kulitumia rojo hili kuhakikisha seli zilizogandishwa bado zina uhai. Maabara yenye sampuli chache ichague mirija 24 ya mililita 3 badala ya chupa ya mililita 100, kwa kuwa chupa ikishayeyushwa huhitaji kugawanywa katika mirija, na kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara hupunguza ubora wake.